Punda Watano, Filamu Moja

Mpwa wangu alikuwa na filamu tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa na mwisho. Ya kwanza ilikatika pale mwigizaji mkuu alipopata kazi ya nyumbani Uarabuni na kuondoka akiwa amebakisha onyesho moja tu, lile la kurudiana na mumewe. Ya pili ilihusu ukame. Aliipiga wiki mbili kwenye mashamba makavu ya upande wa Yatta, kisha mvua ikanyesha, na kila anayeijua Ukambani anajua mvua ya siku chache hufanya nini. Nchi iligeuka kijani kama imepakwa rangi, na mkulima wetu aliyekuwa anakufa njaa akajikuta amesimama ndani ya majani hadi magotini, uso wa huzuni bado anao. Ya tatu iliuawa na ndevu. Mwigizaji alizinyoa kwa ajili ya harusi ya dada yake, na hakuna aliyemkataza, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba ndevu za mtu ni mali ya filamu.

Nayasimulia haya kwa heshima. Mimi nina umri wa miaka hamsini na miwili, shahada mbili, na riwaya niliyoianza nikiwa chuo kikuu ambayo mpaka leo iko sura ya nne. Katika ukoo wetu, mtu mwenye filamu tatu zisizo na mwisho ni mchapakazi.

Dada yangu, mama yake huyo binti, hakuliona jambo hili hivyo. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na maisha yake yote amesahihisha kazi za watu wasiomaliza. Alimtafutia binti yake nafasi ya karani katika duka la vifaa vya ujenzi la rafiki wa familia hapo mjini Machakos, duka la saruji, mabati na misumari. Wakakubaliana jikoni kwangu, Mumbuni, mimi nikiwa shahidi nisiyeulizwa: filamu moja zaidi. Ikiisha, mama hatasema tena neno. Isipoisha kufikia Jumapili, Jumatatu binti anavaa koti la bluu na kusimama nyuma ya kaunta.

"Nataka niione ikiisha kwa macho yangu," dada alisema. "Usiniambie imebaki kidogo. Mimi nimechoka na kidogo."

Tulipotoka nje mpwa wangu aliniambia ameshajua kosa lake. Siku zote amekuwa akianza na mwanzo.

"Hii tutaanza na mwisho, anko. Mwisho ukishakuwa kwa kadi ya kamera, hakuna mtu ataniambia sijamaliza."

Nilimpinga kwa hoja kama dakika ishirini, nikitaja Wayunani. Baadaye nilikuja kusoma kwamba watengenezaji filamu wakubwa karibu wote hupiga maonyesho bila kufuata mpangilio. Wao walifundishwa, yeye alifika hapo kwa kuumia.

Filamu yenyewe ilikuwa fupi na karibu bila maneno. Mchongaji wa mji mdogo wa Wamunyu, ambaye kwa miaka arobaini amechonga twiga, simba na vifaru kwa ajili ya wageni, wanyama ambao yeye mwenyewe ameonana nao kwa nadra, siku moja anachukua gogo la jakaranda na kuchonga punda. Hakuna anayenunua punda. Lakini punda ndiye mnyama anayemjua. Ndiye aliyembebea mama yake maji. Asubuhi ni gogo, jioni ni punda, na mke wake anamsugua na kumpaka rangi. Basi. Nilipomuuliza mpwa wangu mgogoro uko wapi, maana chuoni tulifundishwa kwamba hadithi isiyo na mgogoro ni barua tu, alinitazama kwa upole akasema mgogoro ni huo, kwamba hakuna anayenunua punda.

Kamera ilikuwa ya mwajiri wake, mtu anayepiga video za harusi mjini. Aliiazima kwa siku mbili, Jumatano na Alhamisi, kwa sababu hakuna anayeoa Jumatano. Ijumaa asubuhi ilipaswa kuwa dukani kwake pamoja na betri zake mbili, ikaguliwe kwa ajili ya harusi ya kesho yake. Stendi ya miguu mitatu haikuwamo katika huo ukarimu, kwa hiyo mpwa wangu alishona mfuko wa turubai na kuujaza maharagwe ya shambani kwa mama yangu, kule Kathiani. Kamera ililala juu yake ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Maikrofoni ilifungwa kwenye mpini wa ufagio na kuvishwa kofia ya sufi ya mtoto mchanga ili upepo usiingie, na ikashikwa na mwanakwaya mmoja wa makamo anayesimamia vyombo vya sauti kanisani kwao, mtu ambaye kwa siku mbili nzima sikumsikia akisema lolote isipokuwa "kuna jogoo." Picha za kamera ikisogea zilipigwa kutoka dirisha la gari langu, injini imezimwa, watu wawili wakisukuma nyuma. Gari hilo halijawahi kwenda kwa ulaini namna ile likiwa na injini.

Kazi yangu ilikuwa kuendesha gari na kutunza mwendelezo. Kutunza mwendelezo ni kuhakikisha kwamba kikombe kilichokuwa mkono wa kushoto hakihamii wa kulia kimuujiza kati ya picha moja na inayofuata. Baada ya zile ndevu, mpwa wangu hakutaka tena kubahatisha. Alininunulia daftari, akaniambia niandike kila kinachoonekana, kwa sababu kurudia kutazama picha kwenye kamera kunakula betri na daftari langu ndilo lingekuwa macho yetu. Alinichagua mimi, alisema, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika. Hilo ndilo kosa pekee alilolifanya katika kazi nzima, na lilitokana na kuheshimu elimu.

Jumatano tulipiga mwisho. Mchongaji wetu, mzee mwembamba ambaye hakuigiza bali alikuwa vile alivyo, alikuwa amemchonga punda wiki iliyotangulia, akabakiza kusuguliwa tu. Mke wake aliketi kwenye gunia mbele ya kibanda chao cha mabati, msasa mkononi na kopo la rangi ya viatu kando ya mguu. Mpwa wangu alimwomba afanye anavyofanya siku zote. Kisha akangoja. Sijawahi kumwona mtu wa umri wake akingoja namna ile. Jua lilikuwa bado juu mno, na kwa saa nzima alilala kifudifudi nyuma ya mfuko wa maharagwe bila kugusa chochote, hadi mwanga ulipoteremka ukaingia chini ya bati na kumpiga punda mgongoni. Hakupaza sauti wala kusema yale maneno ya Kiingereza ya watu wa filamu. Alisema "haya," kama unavyomwambia mtu apite, na alipopata alichotaka akasema "basi."

Yule mama alimsugua punda nyuma ya masikio kana kwamba anamtafutia kupe. Nilimwona mpwa wangu akitabasamu jicho likiwa bado kwenye kamera. Mimi niliandika. Nimelihifadhi daftari na ninanakili bila kubadili: "Punda ana huzuni ya aliyezoea kutoulizwa. Mwanga unamjia kama msamaha uliochelewa." Nilikuwa nimeridhika sana na hilo neno msamaha.

Alhamisi asubuhi tulirudi Wamunyu kupiga mwanzo na katikati. Yule mama hakuwapo. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Kathiani kumwona mjukuu mchanga, na punda alikuwa ameondoka naye, zawadi ya mtoto. Hatukujali. Mwisho ulikuwa kwa kadi. Mzee alichagua gogo jingine la jakaranda, akalisimamisha katikati ya miguu, akashika tezo, ambayo pale huitwa ngomo, na kuanza.

Kumtazama mchongaji wa Wamunyu kazini ni kujionea aibu kwa namna yenye afya. Hakupima wala hakuchora. Tezo ilikuwa ikishuka kando ya kidole gumba kwa umbali ambao ningeuita wa kutisha, na mti ukimtoka kwa vipande vyembamba vyenye harufu tamu. Mpwa wangu alikuwa akihama huku na huku na mfuko wake wa maharagwe, akipiga kidogo, akizima, akisubiri, akipiga tena, akihesabu betri kama mama anavyohesabu unga. Kufikia saa nane mchana punda alikuwa amesimama: mgongo, miguu minne, shingo, masikio mawili yaliyoinuka.

Hapo ndipo alipoamua kutumia betri kidogo kutazama picha za jana, ili pigo la mwisho la tezo lishikane vizuri na pigo la kwanza la msasa. Alitazama. Akatazama punda aliyekuwa mbele ya mzee. Akatazama tena.

Punda wa Jumatano alikuwa amegeuza shingo pembeni, na sikio lake moja lilikuwa limelala nyuma kabisa, limebanana na kichwa. Punda wa Alhamisi alikuwa ametazama mbele, masikio yote juu, kama mwanafunzi anayejua jibu.

Mzee alipoonyeshwa hakushtuka. Alieleza kwamba mti wa wiki iliyopita ulikuwa na fundo pale penye sikio, na ukilazimisha tezo kwenye fundo sikio linaruka. Kwa hiyo alililaza. Mti wa leo haukuwa na fundo. Yeye alikuwa amechonga punda, na ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa punda.

Mpwa wangu aliomba daftari. Alisoma ukurasa wa Jumatano polepole, midomo ikitikisika kidogo, akitafuta neno sikio. Halikuwamo. Shingo haikuwamo pia. Alinirudishia.

"Umeandika vizuri sana, anko," alisema.

Makala zangu zimewahi kupata tahakiki mbaya gazetini. Hakuna iliyonikata kama ile.

Alikaa juu ya mfuko wa maharagwe. Hakulia, wala hakunilaumu, ingawa kulaumiwa kungenisaidia. Mwanakwaya aliteremsha ufagio wake. Mzee alimpigia mkewe simu, na hata tuliokaa mbali tulimsikia yule mama akiuliza kwani ile punda ilikuwa ya nani tena, si watu walisema imeisha. Hata kama angerudi naye isingesaidia kitu. Tulichokosa hakikuwa punda aliyekamilika. Tulikosa kumwona akizaliwa, na jua lilikuwa limebakiza kama saa tatu na nusu. Nilijua anachokifikiri kwa sababu nami nilikuwa nakifikiria: koti la bluu. Filamu tatu zisizo na mwisho, na sasa ya nne, yenye mwisho mzuri kuliko zote, isiyo na katikati.

Nikapendekeza, kwa sauti ya mtu anayejua hana haki ya kupendekeza, kwamba labda watazamaji wasingetambua.

"Mama atatambua," alisema. Na kweli, dada yangu huona nukta iliyosahaulika kutoka upande wa pili wa chumba.

Mzee alikuwa akikung'uta vipande vya mti kwenye suruali. Akamuuliza, "Mwiitu, wewe unataka kuona nini hasa? Usiniambie punda. Niambie hizo vipande unatafuta."

Mwiitu ni binti kwa Kikamba, na nadhani ni lile neno lililomwinua kichwa. Akamhesabia kwa vidole: gogo likipata pigo la kwanza; mgongo ukitokea; miguu ikiachana; shingo ikigeuka; sikio likilala. Vitano.

Mzee alifikiri kidogo. "Sasa hizo si punda moja. Hizo ni punda tano."

Alichotueleza baadaye nakifupisha. Katika vile vibanda hakuna mtu anayechonga twiga mmoja kuanzia gogo hadi pembe. Wanachonga kumi na wawili. Leo unakata miguu ya wote, kesho shingo kumi na mbili, na mkono ukishaingia kwenye shingo haukosei tena. Tangu asubuhi alikuwa akitufanyia fundi mmoja na mti mmoja kwa sababu alidhani ndivyo watu wa kamera wanavyopenda. Wale wa televisheni waliowahi kuja walipenda hivyo. "Sisi hatufanyangi hivyo," alisema, na nilihisi kwamba alikuwa akitusamehe.

Kisha akasimama mlangoni mwa kibanda na kuita kwa Kikamba, bila haraka, neno moja tulilolielewa sote: mwethya. Ndivyo mama zetu walivyolima matuta na kuchimba mabwawa, shamba la mmoja leo, la mwingine kesho, kila mtu na jembe lake. Nilikuwa nimeandika makala mbili ndefu kuhusu kufa kwa mwethya. Wanaume wanne wakaja kutoka vibanda vya jirani, kila mmoja na ngomo yake begani, na mwethya haukuonekana kuwa na habari ya kifo chake.

Mpwa wangu aliwaonyesha punda wa Jumatano kwenye kile kiskrini kidogo. Vichwa vinne vikabanana. Betri ilikuwa ikiisha, na hakuna aliyekuwa na haraka.

"Hii imechoka na siasa," mmoja alisema.

"Hapana, hii ni shemeji yangu. Hata miguu ni ya shemeji."

"Wewe na shemeji yako. Angalia shingo, imegeuka hivi. Inaangalia mwenye kuichelewesha."

Wa nne, mwenye miaka mingi kuliko wenzake, alinigeukia mimi niliyekuwa nimeshika daftari. "Mwalimu, wewe utachonga ya ngapi?"

Nilisema mimi ni wa kuandika tu. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kuhusu ugonjwa wa familia. Nikapewa kushika sinia kubwa lililofunikwa karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, nirudishe jua kwenye uso wa mzee, na nasema kwa fahari kwamba nililishika vizuri.

Kazi ilikwenda hivi. Mzee aliweka kando gogo moja zima kwa lile pigo la kwanza. Wale wanne walichukua kila mmoja gogo la jakaranda la rangi moja, na kila mmoja akapewa hatua yake: huyu aishie kwenye mgongo, huyu miguu, huyu shingo, huyu afike hadi kichwani lakini sikio aliache likiwa bonge. Kisha mzee angeketi mahali pale pale, na shati lile lile, na kulipiga kila gogo mapigo machache ya mwisho mbele ya kamera. Kilichokuwa kigumu ni kuacha. Kumwambia fundi asimamishe mkono punda akiwa na mgongo tu, bila miguu, ni kama kumwambia mtu asimame katikati ya chafya. Yule wa shemeji aliupita mpaka, tukaona punda mwenye miguu mahali pa punda asiye na miguu, ikabidi aanze gogo jipya huku wenzake wakimuuliza kama shemeji ndiye aliyemtuma.

Na mpwa wangu alikuwa katikati ya yote hayo, magoti yamejaa vumbi, akitoka gogo hadi gogo. Nilimjua tangu alipokuwa akilia kwa kunyimwa ubuyu. Sasa wanaume watano waliokuwa wakichonga kabla hajazaliwa walikuwa wakimuuliza, hapa? zaidi? shingo iende wapi? Naye alijibu kila swali kwa maneno machache, na pale asipojua alisema hajui, ngoja nione. Nilidhani mkurugenzi wa filamu ni mtu anayejua. Kumbe ni mtu ambaye wengine wanakubali kumngojea.

Sikio liliachwa la mwisho. Jua lilikuwa limefika kwenye ukingo wa bati, pale pale lilipokuwa jana. Taa nyekundu ya betri ilikuwa ikimeta. Kungekuwa na mara moja tu. Mzee alimshika punda wa tano shingoni na kusema kwamba huyu hana fundo, itabidi yeye mwenyewe ajifanye analiona.

"Haya," mpwa wangu akasema.

Tezo ilishuka mara tatu. Pigo la kwanza lilitoa umbo, la pili likalilaza, na kabla ya la tatu mzee alisita, kidole gumba kikipapasa mahali ambapo fundo lingekuwa, kisha akapiga kwa upole, kama anayemfumba mtu jicho. Sikio likalala. Hata jogoo alinyamaza. Mpwa wangu hakusema basi. Aliacha kamera iendelee kumtazama mzee akimtazama punda, hadi betri ilipokata yenyewe.

Baadaye tuliila stendi yetu. Maharagwe yale yalichemshwa na muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, kwenye sufuria ya mmoja wa wale mafundi, na tukala sote pamoja chini ya bati. Tulipokuwa tunaondoka mzee alinipa yule punda wa masikio mawili yaliyoinuka. Alisema punda huyo hana kazi kwa mtu mwingine. Yuko mezani kwangu ninapoandika, karibu na sura ya nne, na ananitazama kama mwanafunzi anayejua jibu.

Ijumaa kamera ilirudi kwa mwenyewe na mpwa wangu akafunga mlango wa chumba chake kuziunganisha picha. Jumapili baada ya kanisa tulitundika shuka kwenye ukuta wa sebule yangu, tukaazima projekta ya kwaya, tukafunga mapazia. Dada yangu aliketi kiti cha mbele, mkoba magotini, kama mtu aliyekuja kusimamia mtihani.

Dakika kumi na mbili. Nilijua kwamba ni punda watano, nilikuwapo, nilishika sinia, na bado niliona mmoja tu akitoka kwenye mti. Sikio lilipolala dada alisogea mbele kidogo. Kisha yule mama akaingia na msasa, mwanga ukampiga punda mgongoni, na yakafuata majina. Kwenye mwendelezo waliandikwa mafundi watano wa Wamunyu. Mimi nilikuwa chini zaidi: dereva, na mwenye maharagwe.

Shuka likawa jeupe. Dada hakusogea. Nadhani alikuwa anangoja aambiwe imebaki kidogo.

"Imeisha, mama," binti yake alisema.

Dada alivua miwani, kama anavyofanya akimaliza rundo la madaftari, akaipangusa kwa upindo wa leso. Akaivaa tena.

"Rudisha pale pa sikio," alisema.